Namna ya Kutumia Dawa ili Kusaidia Nafuu Baada ya Jeraha la Ubongo

Hadi leo hakuna dawa hata moja iliyothibitishwa kuurudisha ubongo uliojeruhiwa katika hali yake ya awali. Jambo hili linafaa kusemwa mwanzoni kabisa, kwa sababu familia nyingi huondoka hospitalini zikiamini kwamba miongoni mwa vidonge walivyopewa kipo kimoja ambacho ndicho hasa dawa ya ubongo, na kwamba vingine ni vya kusindikiza. Kwa kweli vyote ni vya kusindikiza. Kazi yenyewe ya kupona hufanywa na ubongo wenyewe, ukipata usingizi wa kutosha, lishe, mazoezi ya kurudiwa mara nyingi, na muda. Dawa huja kuondoa vizuizi vilivyo njiani: huzuia kifafa, hutuliza maumivu, hulegeza misuli iliyokakamaa, humchangamsha aliyezubaa ili aweze kufuata mazoezi. Shida ni kwamba dawa inayoondoa kizuizi kimoja inaweza kuleta kingine, na ndiyo maana anayeuguza anahitaji kujua nini cha kuangalia.

Mwongozo huu unamhusu mgonjwa ambaye hatua ya dharura imekwisha kupita, pamoja na mtu anayemuuguza. Haumpi yeyote ruhusa ya kuanza, kubadilisha au kuacha dawa bila daktari. Unaeleza maswali ya kuuliza, mpangilio wa kufuata, na mambo ambayo daktari hawezi kuyajua asipoambiwa na mtu anayeshinda na mgonjwa kutwa nzima.

Ijue kazi ya kila dawa

Anza kwa kuandika dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo zile ambazo watu hawazihesabu: matone ya macho, dawa ya mafua iliyonunuliwa bila cheti cha daktari, virutubisho, mizizi na majani ya kuchemsha. Mbele ya kila moja pawepo majibu ya maswali manne: iliwekwa kwa tatizo gani, ilianza lini, itajulikanaje kwamba inafanya kazi, na itapitiwa upya lini. Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi. Dawa isiyo na tarehe ya kupitiwa huishia kuwa ya kudumu bila mtu yeyote kuamua hivyo, kwa kuwa kila daktari mpya anayeikuta kwenye orodha hudhani kwamba mwenzake aliiweka kwa sababu nzito.

Mfano ulio wazi ni dawa za kuzuia kifafa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia wagonjwa 404 wenye majeraha makubwa ya kichwa, nusu yao wakipewa fenitoini na nusu wakipewa kidonge kisicho na dawa. Katika wiki ya kwanza, kifafa kiliwapata asilimia 3.6 ya waliopewa fenitoini, ikilinganishwa na asilimia 14.2 ya wale wengine. Baada ya wiki hiyo ya kwanza tofauti hiyo ilitoweka. Kwa msingi huo, miongozo ya kitabibu inakubali kumkinga mgonjwa kwa muda wa siku saba hivi, lakini haikubali kuendelea kwa miezi na miaka kwa mtu ambaye hajawahi kupatwa na kifafa, eti ili kuzuia kitakachokuja baadaye. Pamoja na hayo, wapo wanaoendelea kumeza dawa hiyo muda mrefu baada ya kutoka wodini, si kwa sababu wanaihitaji, bali kwa sababu karatasi ya kuruhusiwa haikusema ikome lini.

Hapa pana tahadhari mbili. Mgonjwa aliyepatwa na kifafa baada ya wiki ya kwanza yuko katika kundi lingine, naye kwa kawaida huhitaji dawa kwa muda mrefu. Vilevile, hata pale dawa inapokuwa haina kazi tena, haikatizwi ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya usimamizi wa daktari, maana kukatiza ghafla kwenyewe kunaweza kuleta kifafa.

Dawa hizi zina tabia ambazo familia huzidhania kuwa ni dalili za jeraha. Levetirasetamu, inayotumiwa sana siku hizi mahali pa fenitoini, huwafanya baadhi ya watu wawe na hasira za haraka na maneno makali. Mama akasema mwanawe amebadilika kwa sababu ya ajali, kumbe ukali ulianza wiki ile ile dozi ilipopandishwa. Fenitoini ikizidi mwilini humfanya mtu apepesuke kama mlevi, macho yakichezacheza na ulimi ukiwa mzito, na nyongeza ndogo tu ya dozi inaweza kupandisha sana kiwango chake katika damu. Kwa mgonjwa anayelishwa kwa mrija, chakula cha maji huzuia fenitoini isifyonzwe vizuri, hivyo muulize muuguzi kuhusu kutenganisha muda wa chakula na muda wa dawa. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba fenitoini na kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, hudhoofisha uwezo wa vidonge hivyo kuzuia mimba, na kwamba valproeti, nayo ya kifafa, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mambo haya yazungumzwe kabla ya mimba.

Dawa zilizokwisha kupita, na zile zinazouzwa kwa matumaini

Ndugu huuliza sana kama kuna sindano iliyokosekana siku ya kwanza. Jibu ni fupi. Asidi traneksamiki, inayosaidia damu kuganda, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 12,000 na matokeo yake yakatolewa mwaka 2019: ilipunguza vifo vitokanavyo na jeraha la kichwa kwa wale ambao hali yao haikuwa mbaya sana, mradi itolewe ndani ya saa tatu. Wiki mbili baadaye haina nafasi tena. Dawa za steroidi kwa wingi, ambazo kwa miaka mingi zilitolewa ili kupunguza uvimbe wa ubongo uliojeruhiwa, ziliachwa baada ya jaribio la watu 10,008 lililotangazwa mwaka 2004 kuonyesha kwamba waliopewa walikufa kwa wingi zaidi ndani ya wiki mbili, asilimia 21.1 dhidi ya 17.9. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mgonjwa wake hakupewa steroidi analalamikia jambo lililomwepusha na hatari.

Kuhusu dawa za kujenga ubongo zinazouzwa kwa bei kubwa, msimamo wa mwandishi ni kwamba fedha hizo zingelipia vikao vya mazoezi. Sitikolini ilijaribiwa kwa watu 1,213 kwa siku 90, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 hayakuonyesha tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa. Projesteroni, homoni ya kike iliyowahi kutazamiwa mema makubwa, ilishindwa katika majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2014. Anayeshawishiwa kununua ana haki ya kumuuliza muuzaji swali moja: je, imethibitishwa kwa watu wenye jeraha la ubongo, au kwa panya tu?

Tafuta kwanza dawa zinazouzubaisha ubongo

Hatua yenye faida ya haraka zaidi mara nyingi ni kuondoa dawa, wala si kuongeza. Ubongo uliojeruhiwa huathiriwa na dozi ambazo mtu mzima wa afya angezivumilia bila shida, na dalili zake hufanana mno na dalili za jeraha lenyewe: usingizi wa mchana, kuchanganyikiwa, kusahau, kutembea kwa kuyumba. Ndiyo maana hazishukiwi.

Katika kundi hili yumo diazepamu na ndugu zake wanaotolewa kwa wasiwasi au usingizi. Humtuliza mtu, lakini huharibu uwezo wa kushika mambo mapya, na kwa baadhi ya wagonjwa huleta kinyume chake kabisa, yaani fujo na kukosa kujizuia. Zimo dawa za mafua na mzio za kizazi cha zamani, kama vile klorofeniramini na prometazini, ambazo huizuia kemikali ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Hizi hununuliwa kiholela na ndizo zinazokosekana kwenye orodha. Imo tramadoli, ambayo pamoja na kulevya huongeza uwezekano wa kifafa. Yumo haloperidoli, anayetolewa kwa mgonjwa mwenye vurugu, na metoklopramidi, anayetolewa kwa kichefuchefu. Wote wawili huizuia dopamini, kemikali ambayo ubongo unaoamka unaihitaji sana.

Wasiwasi juu ya haloperidoli ni wa siku nyingi. Mwaka 1982 kulichapishwa jaribio la panya waliojeruhiwa sehemu ya ubongo inayoongoza viungo. Waliopewa amfetamini wakiwa wanafanyishwa mazoezi ya kutembea walipona upesi zaidi. Waliopewa haloperidoli walichelewa. Lililo muhimu zaidi ni kwamba amfetamini iliwasaidia wale waliopata nafasi ya kutembea, wala si wale waliofungiwa wasifanye mazoezi. Panya si mtu, na matokeo hayo hayawezi kuhamishwa moja kwa moja, lakini yalifungua mlango wa fikra inayoongoza tiba hadi sasa: dawa na mazoezi hufanya kazi pamoja, na saa ya kumeza dawa ina maana sawa na dawa yenyewe.

Chukua siku ya mgonjwa mmoja wa kubuni. Saa moja na nusu asubuhi anapewa baklofeni ya kulegeza misuli, kidonge cha kifafa na kidonge cha mzio, vyote kwa pamoja, kwa kuwa ndio muda unaomfaa anayemhudumia. Saa tatu mtaalamu wa tiba ya viungo anafika. Mgonjwa anasimamishwa, magoti yanalegea, kichwa kinainama, macho yanafumba, na baada ya dakika kumi kikao kinaahirishwa. Kwenye faili kunaandikwa kwamba mgonjwa haonyeshi ushirikiano. Jioni, dawa zikiwa zimepungua nguvu, ndiye huyo anayetaka kushuka kitandani peke yake. Hapo hakuna haja ya dawa mpya. Kinachohitajika ni mfamasia au daktari kuangalia kama kidonge cha mzio kinaweza kuondolewa, kama dozi kubwa ya baklofeni inaweza kuhamishiwa usiku, na kama kikao kinaweza kusogezwa. Mwombe mtaalamu wa mazoezi akuambie mgonjwa huwa macho zaidi saa ngapi, kisha mpelekee daktari jibu hilo.

Dawa za kuchangamsha ubongo

Baada ya kuondoa vinavyozubaisha, daktari anaweza kufikiria dawa ya kuongeza uamsho au umakini. Yenye ushahidi mzuri zaidi kwa mgonjwa ambaye fahamu zake hazijarudi vizuri ni amantadini, ambayo asili yake ni dawa ya mafua makali na baadaye ikatumika kwa ugonjwa wa Parkinson. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwahusisha wagonjwa 184 waliokuwa hawana fahamu au wenye fahamu kidogo mno, wiki 4 hadi 16 baada ya kuumia. Katika wiki nne za matibabu, waliopewa amantadini walipata nafuu kwa kasi zaidi. Dawa iliposimamishwa kasi ile ilipungua, na wiki mbili baadaye makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Familia zisome matokeo hayo kwa utulivu: dawa iliharakisha safari wakati ilipotumika, lakini haikuthibitishwa kwamba inabadilisha mahali mgonjwa atakapofikia.

Amantadini hutolewa asubuhi na mchana. Ikitolewa jioni humnyima mgonjwa usingizi, na usiku ulioharibika huiharibu kesho yake. Hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo mwenye figo dhaifu huhitaji dozi ndogo, na kipimo cha figo kifanyike kabla. Angalia kuvimba vifundo vya miguu, kuona vitu visivyokuwepo, na wekundu wa ngozi wenye mchoro wa wavu miguuni. Aliyewahi kupatwa na kifafa asianzishiwe bila hilo kujadiliwa waziwazi.

Kwa mgonjwa aliye macho lakini anayeshindwa kutuliza fikra, au anayechukua muda mrefu kujibu swali jepesi, methilifenideti ndiyo hujaribiwa mara nyingi. Hupanda upesi na kuisha baada ya saa chache, jambo linalorahisisha kuijaribu: kama haisaidii, hujulikana mapema. Hupunguza hamu ya kula na kupandisha mapigo ya moyo, hivyo uzito na mapigo yaandikwe kabla ya kidonge cha kwanza. Donepezili, inayojulikana zaidi kwa ugonjwa wa kusahau wa wazee, hujaribiwa kwa tatizo la kumbukumbu, ikiwa na matokeo yanayotofautiana kati ya mtu na mtu.

Dawa hizi zote ni majaribio yenye mipaka. Kabla ya kuanza, chagueni pamoja na daktari jambo moja au mawili yatakayopimwa. Jambo lipimike nyumbani: dakika ngapi anaweza kusikiliza mazungumzo kabla ya kupotea, mara ngapi anafuata agizo la kuinua mkono kati ya mara kumi, kama anamaliza sahani ya chakula bila kukumbushwa. Andika hali hiyo kwa wiki moja kabla ya dawa na kwa wiki kadhaa baada yake. Bila hivyo, matumaini ya familia ndiyo yatakayotoa hukumu, nayo kila siku huona nafuu.

Hasira na vurugu

Mgonjwa anayerusha mikono, anayetukana au kutaka kung'oa mirija aliyowekewa hapaswi kutulizwa kwa dawa kabla ya kuchunguzwa. Yawezekana kibofu kimejaa, choo hakijatoka kwa siku nne, bega lina maumivu asiyoweza kuyaeleza, ana homa, au chumba kina watu wanane wanaozungumza kwa pamoja huku redio ikilia. Kila kimoja cha vitu hivi kina tiba yake, na hakuna hata kimoja kinachotibiwa na dawa ya usingizi.

Sababu hizo zikishaondolewa na vurugu ikiendelea, propranololi ni miongoni mwa dawa ambazo wataalamu huzitazama mapema, kwa kuwa inaweza kupunguza ukali bila kumzubaisha mgonjwa sana. Haimfai mwenye pumu, hushusha mapigo na shinikizo la damu, na haiachwi ghafla. Mpime mapigo kabla ya kila dozi katika siku za mwanzo, na umuulize daktari ni idadi gani ya mapigo kwa dakika ambayo ikifika dozi isitolewe. Dawa za kundi la haloperidoli zibaki kwa hatari ya haraka, pale ambapo mgonjwa anaweza kujiumiza au kumuumiza mwingine, na zikitumika ziulizwe kila siku kama bado zinahitajika.

Maumivu ya kichwa

Katika siku za kwanza, aspirini na ibuprofeni huepukwa isipokuwa daktari ameziruhusu, kwa sababu zinaweza kuongeza uvujaji wa damu. Parasetamoli ndiyo ya kawaida. Kwa mtu mzima mwenye ini zima kikomo ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kwa mtu aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa ini kikomo hushuka. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ukiziongeza juu ya vidonge hivyo umevuka kikomo bila kujua.

Kosa linalojitokeza baadaye ni la aina nyingine. Mtu anayemeza dawa ya kawaida ya maumivu siku 15 au zaidi katika kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayosababishwa na dawa yenyewe. Kwa dawa kali za jamii ya kodeini au zile zilizochanganywa, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Mgonjwa huyu huumwa, humeza, hupata ahueni ya saa chache, huumwa tena. Njia ya kutoka ni kuhesabu siku hizo kwenye kalenda na kuzipeleka kwa daktari, ambaye anaweza kupanga namna ya kuiacha dawa na kuweka ya kuzuia, kwa mfano amitriptilini kwa dozi ndogo usiku au propranololi. Amitriptilini ikizidi huzubaisha na kukausha kinywa, na kwa dozi kubwa huongeza uwezekano wa kifafa, hivyo udogo wa dozi ni sehemu ya tiba.

Usingizi na sonona

Usingizi hutengenezwa kwanza kwa mwanga wa mchana, saa maalumu ya kulala, na kutokunywa kahawa au chai kali jioni. Melatonini, ikipatikana, hutolewa saa moja au mbili kabla ya kulala na haileti utegemezi. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu ndivyo vya mwisho kufikiriwa.

Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ya kawaida baada ya jeraha la ubongo na inatibika. Sertralini na dawa za jamii yake hutangulizwa kwa kuwa hazizubaishi sana, lakini huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha kazi, na wengi huziacha katika wiki ya pili wakisema hazifai. Zinaweza kushusha kiwango cha sodiamu katika damu, hasa kwa wazee na kwa anayetumia pia kabamazepini. Mgonjwa akizidi kuchanganyikiwa baada ya kuzianza, damu ipimwe kabla ya dozi kupandishwa. Bupropioni, ingawa ni dawa nzuri kwa wengine, huongeza uwezekano wa kifafa. Mgonjwa akitamka kwamba anataka kufa, suala hilo halisubiri vidonge vianze kazi: asiachwe peke yake, na apelekwe kwa huduma ya haraka siku hiyo hiyo.

Misuli iliyokakamaa

Baklofeni na tizanidini hulegeza mwili mzima, pamoja na ubongo. Kwa ukakamavu wa sehemu moja, kama mkono uliokunjwa au kisigino kisichogusa chini, sindano ya sumu ya botulinamu kwenye msuli husika ina faida ya kutomzubaisha mtu. Huonyesha kazi ndani ya siku kadhaa na hudumu kwa takribani miezi mitatu, muda ambao lazima utumike kwa mazoezi na vifaa vya kunyoosha, la sivyo sindano imepotea bure. Kabla ya kulegeza misuli ya miguu, uliza kama ukakamavu huo ndio unaomsaidia kusimama. Baklofeni ikikatwa ghafla inaweza kuleta homa, kuona vitu visivyokuwepo na kifafa, kwa hiyo usingoje kidonge cha mwisho ndipo uende duka la dawa.

Uchovu usioelezeka

Tezi ya pituitari, iliyoning'inia chini ya ubongo kwa kikonyo chembamba, hudhurika katika majeraha mengi kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa aliyechoka mno kila siku, aliyekosa hedhi au hamu ya tendo la ndoa, ambaye shinikizo lake la damu liko chini na dawa za kuchangamsha hazimsaidii, anastahili kupimwa homoni zake. Hii ni mojawapo ya sehemu chache ambapo dawa hurudisha kile hasa kilichopotea. Mpangilio wake una kanuni: upungufu wa kotisoli, homoni inayousaidia mwili kukabili msongo, hutafutwa na kutibiwa kwanza, kisha homoni ya tezi ya shingo, kwa kuwa kugeuza mpangilio huo kunaweza kumwangusha mgonjwa katika hali ya hatari.

Daftari na kanuni ya dawa moja kwa wakati

Dawa mpya ianze kwa dozi ndogo, ipande polepole, na isianzwe pamoja na nyingine. Dawa mbili zikianza siku moja, mgonjwa akipata nafuu au upele hakuna atakayejua ni ipi. Kanuni hiyo hiyo inatumika wakati wa kupunguza.

Daftari halihitaji ufundi. Mstari mmoja kwa siku unatosha, mradi uwe na kitu kilichoonekana: "Siku ya nne ya amantadini 100 mg. Kidonge saa moja asubuhi. Alifuata kwa macho aliyeingia chumbani, aliinua mkono mara sita kati ya kumi. Hakulala mpaka saa sita usiku. Miguu haijavimba." Mstari wa namna hii unamsaidia daktari kuliko maneno "anaendelea vizuri", ambayo hayamwambii kama asogeze dozi ya mchana au aiache. Dozi iliyosahaulika iandikwe pia. Isifidiwe kwa kumeza mbili kwa pamoja.

Kwa mgonjwa mwenye shida ya kumbukumbu, kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku saba, kikijazwa na mtu mwingine, huzuia dozi kurudiwa. Kwa anayeshindwa kumeza, muulize mfamasia kabla ya kusaga kidonge chochote, kwa sababu vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa taratibu kwa saa nyingi vikisagwa humwaga dozi yote mara moja. Pombe iepukwe kabisa katika kipindi hiki: huongeza uzubaishaji wa dawa nyingi zilizotajwa hapa na inaweza kuleta kifafa. Ginko, inayosifiwa kwa kumbukumbu, inaweza kuongeza uvujaji wa damu kwa anayetumia aspirini au dawa za kuyeyusha damu.

Kwa mtoto, usichukue lolote lililoandikwa hapa kuhusu dozi. Majaribio mengi yaliyotajwa yalihusu watu wazima, na aspirini haipewi mtoto bila agizo la daktari.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Maumivu ya kichwa yanayozidi saa baada ya saa, kutapika kunakorudia, usingizi mzito ambao mgonjwa haamshiki, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, udhaifu mpya wa upande mmoja, homa yenye shingo ngumu, au upele unaoenea wenye malengelenge au vidonda mdomoni baada ya kuanza dawa ya kifafa: dalili hizi hazisubiri miadi. Nenda na orodha ya dawa mkononi, ikionyesha dozi ya mwisho ilitolewa saa ngapi.

Mgonjwa akipatwa na kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, na uangalie saa. Kikivuka dakika tano, au kikirudi kabla fahamu hazijarejea, ni dharura. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na usimpe kidonge chochote, hata kile cha kifafa alichokisahau asubuhi, mpaka awe macho kabisa na ameweza kumeza maji kidogo bila kupaliwa.